Maji ya dripu ni dawa: yanapookoa na yanapodhuru

Haya ni maelezo aliyoyatoa Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti mbele ya wakazi wa Gazi, Kaunti Ndogo ya Msambweni. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Nawashukuru wenyeji wa Gazi kwa kutukaribisha hapa kivulini. Najua wengine mmetoka baharini alfajiri na hamjalala, na wengine mmeacha chungu mekoni. Sitawapotezea wakati.

Kwanza nijitambulishe vizuri, ili mtu asije akasema baadaye kwamba daktari wa kaunti alisema hivi na vile. Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza maswali na kuwaletea majibu kwa lugha mnayoielewa. Haya ya leo nimeyauliza kwa madaktari, wauguzi na wafamasia, na nimesoma vitabu vyao. Mkiwa na swali la ugonjwa wenu wenyewe, mpelekeeni mhudumu wa zahanati.

Nimekuja kwa sababu ya lalamiko ambalo ofisi yetu imelipokea mara nyingi kutoka vijiji vya pwani hii. Mama anasema: "Mtoto wangu ameharisha siku mbili. Nimempeleka zahanati, nesi amenipa pakiti za unga na tembe za zinki. Hata dripu hakumwekea." Mama huyo anarudi nyumbani na uchungu, akiamini amenyimwa haki yake. Wengine hawarudi nyumbani. Wanapitia dukani, wanalipia dripu, na mtu asiyejulikana amesomea wapi anawatoboa mshipa.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita shangazi yangu alikuwa mnyonge. Alikuwa na presha, miguu ilikuwa imevimba, hali chakula vizuri. Nilipopigiwa simu nilikuwa kazini. Wakaniambia kuna kijana jirani anayeweza kuja na dripu nyumbani, amwongeze maji, apate nguvu. Nikasema sawa, mwekeeni. Nikatuma pesa kwa simu. Mimi niliyesomea kuuliza maswali sikuuliza hata moja. Sikuuliza ni maji gani, ni kiasi gani, wala yanaingia kwa kasi gani.

Chupa mbili ziliingia kwa muda usiozidi saa moja. Usiku ule shangazi hakuweza kulala chali. Alikaa kitandani akitweta kama mtu aliyekimbia, kifua kikikoroma. Moyo wake ulikuwa dhaifu tangu hapo, na maji yale hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye mapafu. Tulimkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni na kupewa dawa ya kumfanya akojoe maji yatoke. Alipona, alhamdulillahi. Daktari alituuliza swali moja tu: "Nani aliamua awekewe maji?" Nilinyamaza, lakini jibu nilikuwa nalo.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze kuhusu kilichomo ndani ya ile chupa.

Watu husema "maji ya dripu" kana kwamba ni maji ya kisima yaliyosafishwa. Ni dawa, na ziko za aina mbalimbali. Nitataja tatu ambazo mtaziona mara nyingi.

Ya kwanza ni maji ya chumvi ya kawaida. Lita moja ina gramu 9 za chumvi, basi.

Ya pili ni maji ya glukosi, ambayo watu huyaita "maji ya nguvu". Yale ya asilimia 5 yana gramu 25 za sukari katika chupa ya nusu lita. Hizo ni kama vijiko sita vidogo vya sukari. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya hapo. Kwa hivyo anayelipa pesa nyingi kuongezwa "nguvu" kwa chupa hiyo, ajue amenunua sukari isiyofika ya soda moja, na juu yake amenunua sindano.

Ya tatu ndiyo iliyonileta hapa. Inaitwa Ringer lakteti, na wengine huiita maji ya Hartmann. Sydney Ringer alikuwa daktari Mwingereza. Katika miaka ya 1880, akifanya majaribio London kwa moyo wa chura, aligundua kwamba moyo haupigi vizuri kwenye maji ya chumvi peke yake. Unahitaji pia kalsiamu na potasiamu kidogo. Baadaye, mwaka 1932, daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, akaongeza kitu cha nne, yaani lakteti ya sodiamu. Lita moja ya maji hayo ina takriban gramu 6 za chumvi, gramu 3 na kidogo za lakteti ya sodiamu, na chembe tu za potasiamu na kalsiamu.

Lakteti ina kazi gani? Hapo nitumie kitu mnachokijua, magadi. Kila mama hapa anajua magadi. Ukitia kidogo kwenye maharagwe yanaiva upesi, na mtu akiwa na kiungulia wengine humpa alambe. Magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, kule Kajiado, ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Kazi yake kubwa ni kupunguza makali ya asidi.

Damu yetu nayo ina magadi yake ya asili, ambayo ni bikaboneti. Wataalamu hupima asidi ya damu kwa kipimo kinachoitwa pH, na mtu mzima wa afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Ni njia nyembamba sana. Mtu akiharisha sana hapotezi maji tu. Kinyesi kile kinatoka na chumvi, potasiamu na bikaboneti. Damu inapungua, inakuwa nzito, na asidi inapanda. Ndipo mtoto anaanza kuhema haraka na kwa kina ingawa hana homa ya mapafu. Mwili unajaribu kutoa asidi kwa njia ya pumzi.

Ringer lakteti inajaza maji na chumvi zilizopotea, na lakteti iliyomo, ikifika mwilini, hugeuzwa na ini kuwa bikaboneti. Yaani mgonjwa anarudishiwa maji, chumvi na magadi ya damu yake kwa pamoja, na magadi hayo yanakuja polepole, kwa kipimo ambacho mwili wenyewe unakitengeneza. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kuliko maji ya chumvi matupu kwa mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa. Maji ya glukosi peke yake hayamfai mgonjwa huyo, kwa kuwa hayarudishi chumvi aliyoipoteza.

Ujuzi huu ulitoka kwenye msiba. Kipindupindu kilipofika Uingereza mwaka 1831, daktari kijana aitwaye William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa akakuta imepungukiwa maji, chumvi na alkali, yaani ile sehemu ya magadi. Mwaka uliofuata, 1832, daktari Thomas Latta wa Leith, Uskochi, alichanganya maji, chumvi na soda kidogo akaviingiza kwenye mshipa wa bibi mmoja aliyekuwa anakata roho. Ndani ya nusu saa bibi akafumbua macho, mwili ukapata joto, akaongea. Latta akamwacha chini ya uangalizi wa mwenzake, akaondoka. Kuharisha kukaendelea, maji hayakuongezwa, na baada ya saa chache bibi akafariki.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. Dripu inaweza kumrudisha mtu kutoka mlangoni mwa kaburi. Na dripu bila mtu wa kukaa na mgonjwa, kumpima na kuamua tena, haitoshi.

Sisi wa pwani ugonjwa huu si mgeni kwetu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alitoa kitabu mwaka 1876 kinachoeleza jinsi kipindupindu kilivyopita Afrika Mashariki katika karne ile, kikifuata misafara ya bara na majahazi ya baharini. Katika nyakati zetu, Kenya iliripoti kipindupindu mwaka 1971, na kimekuwa kikirudi. Mlipuko ulioanza Oktoba 2022 ulihusishwa na sherehe ya harusi kule Limuru, Kaunti ya Kiambu, kisha ukaenea katika kaunti nyingi. Harusi moja tu. Sisi wa Gazi na Msambweni tunajua kupika pilau ya watu wengi, kwa hivyo tusidhani ni habari ya watu wa mbali.

Sasa nieleze wakati ambapo dripu hiyo inahitajika, na inahitajika haraka.

Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu mzima lita nzima ya maji kwa saa moja. Kinyesi kinakuwa kama maji yaliyooshea mchele. Asipotibiwa, anaweza kufa ndani ya saa chache. Akitibiwa ipasavyo, hatari ya kufa inashuka chini ya mtu 1 kati ya 100. Dalili za kuzidiwa ni hizi: macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya na kuiachia inarudi polepole sana, mgonjwa amelegea au hajitambui, hawezi kunywa au anakunywa kwa shida. Ukiona hizo, usingoje asubuhi. Chukua tuktuk, bodaboda au gari la jirani, mpeleke kituo cha afya. Kama anaweza kumeza, endelea kumpa maji ya ORS njiani.

Huko mhudumu atapiga hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mgonjwa aliyezidiwa kwa kuharisha apewe mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 ni lita moja. Na kasi nayo imepangwa. Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja na kwa mtu mzima, mililita 30 za kila kilo huingia ndani ya nusu saa, na 70 zilizobaki ndani ya saa mbili na nusu. Mtoto asiyefika mwaka hupewa polepole zaidi, sehemu ya kwanza kwa saa moja na ya pili kwa saa tano. Mara kwa mara mhudumu anarudi kupima mapigo, pumzi na hali ya mgonjwa. Mara tu mgonjwa anapoweza kunywa, anaanza ORS wakati dripu bado inaendelea.

Sijawatajia hesabu hiyo ili mkaifanye nyumbani. Nimeitaja ili mwone kwamba dripu ya kweli ina uzito wa mgonjwa ndani yake, ina saa ndani yake, na ina mtu wa kurudi kuangalia. Anayekuja na chupa bila mizani na bila saa, akafungua mpira akaondoka, hajaleta tiba.

Sasa turudi kwa mama yetu aliyepewa pakiti.

Mama, hukunyimwa. Ile pakiti ya ORS ina chumvi, potasiamu, glukosi na kitu kinachoitwa sitreti. Sitreti hiyo, kama ilivyo lakteti ya dripu, mwili huigeuza kuwa bikaboneti. Glukosi haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Inafungua mlango wa utumbo ili chumvi iingie, na chumvi ikiingia inavuta maji. Mlango huo hubaki wazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu. Kwa hivyo pakiti ile inafanya kazi ya dripu kupitia mdomoni, bila sindano na bila hatari ya kuujaza mwili kupita kiasi.

Kuna ushahidi mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walikusanyika Bangaon, India, na kipindupindu kikawavamia. Dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi, sukari na soda kwenye maji, akawapa ndugu wa wagonjwa kazi ya kuwanywesha. Vifo vilivyokuwa takriban 30 kati ya wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Walioifanya kazi hiyo walikuwa akina mama, akina baba na watoto wakubwa wenye vikombe mikononi.

Kwa hivyo mtoto anayeharisha lakini bado anakunywa, pakiti ndiyo dawa yake. Soma kwanza pakiti inahitaji maji kiasi gani, kwa kuwa ziko za nusu lita na za lita moja, na ukikosea kipimo utampa chumvi nyingi mno. Tumia maji safi. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, yaani robo hadi nusu kikombe. Wa miaka miwili na zaidi mpe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena kwa kijiko, polepole. Usimwachishe ziwa. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwage. Na tembe za zinki mmalizie zote, siku 10 hadi 14, hata kama amepona siku ya tatu.

Kama pakiti haipo na unangoja usafiri, maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu, vitamshikilia mpaka ufike. Dafu je? Dafu lina potasiamu nyingi na si vibaya mtoto kunywa, lakini sodiamu yake ni kidogo, kwa hivyo haliwezi kushika nafasi ya ORS. Na tafadhali, msitie magadi wala soda ya mandazi ndani ya maji ya mtoto. Kipimo hamkijui, na sodiamu nyingi inaweza kumdhuru mtoto.

Sasa upande wa hatari. Nataka kuwapa ushahidi uliotoka karibu yetu.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanyika utafiti mkubwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Ya Kenya ilikuwa Kilifi, hapo ng'ambo ya Mombasa. Ya Tanzania ilikuwa Hospitali Teule ya Muheza. Ukivuka Lunga Lunga na Horohoro, upite Tanga, unafika. Utafiti huo, uliojulikana kama FEAST, uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Swali lilikuwa hili: mtoto anapoletwa na homa kali na damu yake haizunguki vizuri, je, tukimmiminia dripu haraka ndani ya saa moja, tutamwokoa? Madaktari wengi duniani waliamini jibu ni ndiyo.

Waliingizwa watoto 3,141 ambao hawakuwa na ugonjwa wa kuharisha, wala utapiamlo mkali. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Wengine walimiminiwa dripu haraka, ama ya maji ya chumvi ama ya albumini, na wengine walipewa maji ya kawaida polepole. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa haraka walifariki kati ya 10 na 11. Kati ya wale ambao hawakumiminiwa, walifariki 7. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu ilikuwa dhahiri kwamba kuwamiminia kunaleta vifo zaidi.

Naomba nilieleze vizuri jambo hili, lisije likapotoshwa. Utafiti huo haukusema dripu ni mbaya. Mtoto wa kipindupindu aliyekauka anaihitaji, tena haraka. Ulichoonyesha ni kwamba maji yale yale, kwa mtoto wa ugonjwa mwingine, yanaweza kumuua. Na kutoka nje watoto hao wawili wanafanana: wote wamelegea, wote mikono baridi. Anayeweza kuwatofautisha ni mhudumu aliyesomea.

Wako wengine wa kuangaliwa sana. Mwenye ugonjwa wa moyo, kama shangazi yangu. Mwenye ugonjwa wa figo, kwa kuwa maji hayana pa kutokea na potasiamu inaweza kupanda. Mtoto mwenye utapiamlo mkali. Mama mjamzito mwenye presha. Mwenye ini lililoharibika sana, kwa kuwa ini ndilo linalogeuza lakteti. Hawa wote hupewa dripu inapobidi, lakini kwa hesabu yao.

Kuna jambo la kuchanganya dawa pia. Ringer lakteti ina kalsiamu. Haipitishwi katika mpira mmoja na damu ya kuongezwa, kwa sababu damu inaweza kuganda. Wala haichanganywi na dawa ya seftriaksoni, ambayo wengi mnaijua kwa sindano yake. Zikikutana zinaweza kufanya chembe ngumu kama mchanga, na watoto wachanga wamewahi kufa kwa sababu hiyo. Mtu wa dukani anayetia kila dawa ndani ya chupa moja "ifanye kazi haraka" anacheza na uhai wako.

Na iko nyingine yenye nguvu zaidi, bikaboneti ya sodiamu ya sindano. Haya ndiyo magadi ya damu yenyewe, yamekolezwa. Ile ya asilimia 8.4 ina sodiamu zaidi ya mara sita ya maji ya chumvi ya kawaida. Imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na hospitalini ina kazi zake: asidi kali kwa wagonjwa wengine wa figo, sumu ya baadhi ya dawa za sonona, sumu ya aspirini. Lakini ikivuja nje ya mshipa inaweza kuoza nyama. Ikiingia haraka inaweza kushusha potasiamu na kalsiamu na kuuvuruga moyo, na kwa mtoto mchanga inaweza kuleta damu kuvuja ubongoni. Hata mgonjwa wa sukari aliyepandisha asidi, mara nyingi haihitaji. Anachohitaji ni maji, insulini na potasiamu inayopimwa. Ukisikia mtu anaitoa dawa hiyo nyumbani au nyuma ya duka, mtoe mgonjwa wako hapo.

Kwa hivyo mkazi wa Kwale afanye nini? Nawaombeni mshike maswali matano. Mtu yeyote akitaka kukuwekea dripu wewe au mtu wako, uliza kwa heshima:

Moja, hii ni maji gani, na kwa nini anayahitaji sasa?

Mbili, je, hawezi kunywa?

Tatu, ni kiasi gani, na yataisha kwa muda gani?

Nne, nani atakaa naye au kurudi kumwangalia?

Tano, umesomea nini, na leseni yako iko wapi?

Angalia pia chupa. Tarehe isiwe imepita, maji yawe meupe bila vumbi wala utando, na muhuri uwe haujavunjwa. Duka la dawa halali huwa na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, na inatakiwa ibandikwe mahali unapoiona. Na ukiwa na presha, moyo, figo, kisukari au mimba, sema kabla hujaulizwa.

Mhudumu mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Atafurahi. Anayekasirika amekupa jibu tayari.

Dripu ikiwa imeshawekwa na mgonjwa akaanza kukohoa, kutweta, kuvimba uso, kutetemeka, au mkono ukavimba na kuuma pale penye sindano, mwite mhudumu mara moja. Usiseme "ngoja iishe, nimeshalipa". Mimi nililipa, na laiti ingefungwa mapema.

Jambo la mwisho. Dripu bora ni ile ambayo haikuhitajika. Hapa Gazi mmeonyesha njia. Kupitia Mikoko Pamoja, mikoko yenu inalipwa kwa hewa ya ukaa inayoihifadhi, na jamii iliamua sehemu ya pesa hizo iende kwenye maji na shule. Watu wanatoka mbali kuja kujifunza jambo hilo. Tulimalizie kwa vitu vidogo: choo kila boma, maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe, hasa mvua ikinyesha na visima vikifurika, sabuni karibu na choo na karibu na sufuria, na pilau ya harusi iliwe moto. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba zenu wanaweza kuwaelekeza, na waulizeni kuhusu ORS na zinki. Kila nyumba yenye mtoto iwe na pakiti mbili kabatini kabla ya ugonjwa kuja.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ya mwilini huzoleka, ndugu zangu, lakini yanataka kuwahiwa na yanataka kipimo. Mama aliyepewa pakiti, naomba umwendee yule nesi umsalimie. Alikuwa amekupa dawa.

Shangazi yangu yuko hai. Nilipomwambia ninakuja Gazi kuzungumza habari hii, alicheka akasema: "Waambie na wewe ulituma pesa." Basi nimewaambia.

Sasa ni zamu yenu kuuliza, na muuguzi wetu yuko hapa kujibu yale nisiyoyaweza.